Fomu Inasema Alikuwa Peke Yake

Jumapili, tarehe 6 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua na yule paka wa jirani ameacha kulala juu ya nguo zako. Mimi huku ni mzima kuliko uzima wenyewe. Shangazi, ndoa ni tamu! Mbona hukuniambia? Au uliniambia nikadhani unanitania?

Leo tunamaliza wiki ya tatu, na bado nikiamka asubuhi namtazama yeye kwanza, nihakikishe hajabadilishwa. Chumba chetu ni cha mwisho kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi, dirisha linatazama karakana. Tuna kitanda, meza, viti viwili vya plastiki na ndoo mbili, na sibadilishani na mtu yeyote anayelala kwenye ghorofa. Nilimwomba rafu moja ya vyombo. Akatengeneza tatu, hakusema neno. Ndiyo maana wenzake wanamwita Kimya. Mimi nami wameshanibatiza. Nikitokea tu wanasema, "Haya, Redio imewashwa!" Mpishi wa kambi anasema Mungu aliona mmoja amezidisha maneno na mwingine amepungukiwa, akatufunga kifurushi kimoja.

Sasa nikusimulie kazi. Kila alasiri Kimya anavuta tela la marobota ya nyasi kavu, kutoka shambani hadi kwenye mazizi ya ng'ombe wa maziwa, kilomita nne za barabara ya lami. Mzigo unapanda kama nyumba. Unafunika vioo, unafunika na indiketa za nyuma, dereva haoni kinachomfuata wala kinachomfuata hakimwoni dereva. Kwa hiyo nani anatazama nyuma? Mimi! Nakaa juu ya madigadi ya gurudumu kubwa, mkono mmoja nimeshika bega lake (huo ndio mkono muhimu), na tukikaribia kukata kona nachungulia pembeni ya mzigo, napunga kile kitambaa chekundu ulichonifunga kichwani siku ya harusi. Magari yanapunguza mwendo kama yameona trafiki. Kimya alinikataza siku mbili. Siku ya tatu alikuta nimeshapanda, akatikisa kichwa, na nikaona shavu linacheka.

Najua ungetaka nipige simu niache kuharibu karatasi, lakini si wewe uliyenifundisha kwamba simu inasahau na karatasi haisahau?

Mwanao anayekupenda,
Redio


Jumatatu, tarehe 14 Machi

Mwanangu Redio,

Marahaba. Jina limekukaa, waliokubatiza wana akili. Goti lipo, linanikumbusha kila ngazi kwamba lipo. Paka amehamia rasmi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nimeisoma kama shangazi, nikacheka, nikalia kidogo pia, maana aliyekulea tangu ukiwa na meno ya maziwa ana haki hiyo. Mara ya pili nimeisoma kama karani wa meza ya ajali, kazi niliyoifanya kwenye ofisi ya bima miaka ishirini na sita. Hapo sikucheka.

Shuka kwenye hayo madigadi. Madigadi yaliwekwa yazuie matope, hayakuwekwa yabebe bibi harusi. Gurudumu la trekta linakupita kimo, na halina habari kwamba uko kwenye fungate. Kwenye meza yangu yalipita mafaili ya watu waliokaa hapo "dakika mbili tu". Yalikuwa na picha. Sitakuandikia zilizokuwemo.

Jambo la pili. Mwulize huyo Kimya wako, hata akijibu kwa nyusi, trekta lina bima gani. Wenye mashamba wengi hufikiri trekta ni la shambani, basi halihitaji. Lakini likishakanyaga lami ni gari kama magari mengine, na kwenye lami utakutana na watu waliobandika stika ya bima ya mwaka juzi wakifikiri kioo chenyewe kinawalinda. Nakili masharti unitumie.

Msalimie mkwe wangu. Mwambie rafu tatu ni dalili nzuri.

Shangazi yako


Jumapili, tarehe 20 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo! Kimya amesoma ile ya rafu, amekwenda kutengeneza ya nne.

Nimefanya ulivyoagiza. Mwenye shamba, tunayemwita Mama Shamba, ameweka karatasi za bima kwenye kopo la biskuti pamoja na mbegu za mboga. Alinipa ninakili mbele yake, huku akiniuliza kama nasomea uwakili. Nimekuta mawili. La kwanza zuri: trekta likigongwa na dereva asiye na bima, kampuni itagharamia matibabu ya dereva wa trekta, mradi hakuwa na kosa yeye. La pili ni lako: likiwa barabarani halitabeba mtu yeyote zaidi ya dereva. Tena Mama Shamba ana lake ukutani pale karakana, kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama ndoo: DEREVA ATAKAYEPAKIA MTU ATAACHA KAZI SIKU HIYO HIYO. Na kazi ikienda, chumba kinakwenda, na rafu zangu nne.

Kwa hiyo usihofu, nimeshuka. Siku hizi namngojea getini na chai kwenye chupa. Akitokea kwenye kona moyo unanidunda kama wa mtoto aliyesikia kengele ya kutoka shule. Hivi hali hii huisha lini? Usinijibu.

Mwanao,
Redio


Jumanne, tarehe 12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Uzima upo, tunamshukuru Mungu, ingawa si kama nilivyouacha kwenye barua iliyopita.

Kimya amegongwa. Ni siku ya kumi leo. Sikukupigia simu kwa kuwa nilijua nisingeweza kumaliza sentensi. Yu hai, anakula, anakunywa, jana alinitabasamia. Lakini paja la kulia limevunjika mara mbili.

Ilikuwa alasiri, wanakata kona kuingia mazizini. Pikapu ilitoka nyuma kwa kasi. Dereva wake alikuwa anamenya chungwa, Shangazi, kwa mikono yote miwili, usukani ameubana kwa magoti, macho yako kwenye ganda. Alipoinua kichwa alikuwa ameshafika. Akalipiga tela kwenye pembe, tela likajikunja, trekta likalala ubavu kwenye mtaro na mguu wa Kimya chini ya usukani. Mimi nilikuwa nyumbani nafua, nikaletewa habari.

Daktari anasema bila kile kitambaa kufungwa juu ya jeraha, damu ingekwisha kabla ya gari la wagonjwa kufika. Wamempasua mara moja. Sasa anahitaji upasuaji wa pili, awekewe chuma ndani ya paja, na usichelewe. Asipowekewa, mfupa utaunga umepinda na hatakanyaga breki ya trekta tena. Ungemwona anavyoutazama huo mguu. Anautazama kama mtu anayemtazama ng'ombe wake mgonjwa.

Mwenye pikapu bima yake iliisha miezi minne iliyopita. Kwa hiyo ni kile kifungu kizuri. Lakini yule bwana ameandika polisi kwamba trekta lilikata kona bila ishara yoyote, na kampuni inasema kama ni kweli, kosa ni la Kimya na kifungu hakimhusu. Kwenye fomu Mama Shamba ameandika hakukuwa na shahidi, dereva alikuwa peke yake. Kimya ametia sahihi kitandani. Mkaguzi wa bima anakuja Jumatano ijayo, tarehe 20.

Shangazi, wewe unawajua watu hawa. Watalipa?

Mwanao


Ijumaa, tarehe 15 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole, pole sana, na pole yake yeye zaidi. Barua hii nampa kondakta wa basi mkononi, nimemwambia ikipotea asirudi mtaa huu.

Nimekaa na barua yako tangu asubuhi. Nataka nikuulize kama nilivyokuwa nikiuliza watu, taratibu, bila kupandisha sauti.

Mtu anayefua nyumbani anaonaje chungwa?

Anaonaje magoti ya dereva yamebana usukani, na macho yako kwenye ganda? Kimya hakuona, yeye alikuwa na ukuta wa nyasi mgongoni. Mwenye pikapu hakusema, angejifunga mwenyewe. Kuna mahali pamoja tu pa kuona hayo, na mahali hapo nilikwambia ushuke.

Na umeandika "kile kitambaa". Mtu hasemi "kile" kwa kitambaa ambacho msomaji hakijui. Mwanamume aliyebanwa na usukani hawezi kujifunga mguu. Aliyefunga ni mtu aliyefundishwa fundo na mimi, siku ulipojikata na panga ukiwa na miaka tisa.

Sikukaripii. Kwanza niambie: wewe umeumia wapi? Hilo nijibu kabla ya lingine lolote. Umeniandikia kurasa mbili za mguu wake, hukuandika hata kidole chako.

Sasa sikiliza ya bima. Sharti la kutobeba mtu linamnyima fidia yule aliyebebwa. Wewe hutapata kitu, hata bandeji. Lakini dereva halimnyimi, kama aliyebebwa siye aliyesababisha ajali. Kinachomnyima dereva kila kitu ni uongo kwenye fomu. Niliona madai mazuri yakifa kwa sentensi moja iliyoandikwa kwa huruma. Mkaguzi atauliza nani alifunga kitambaa. Ni swali la kwanza ambalo hata mimi ningeuliza. Akiligundua yeye, ni uongo. Mkimwambia nyinyi kabla hajauliza, ni marekebisho, na yanakubalika.

Halafu fikiri: ishara ilitolewa. Wewe ndiye uliyeitoa. Shahidi wanayemtafuta ni wewe, na fomu inasema hukuwepo.

Najua ukuta wa karakana unasema nini. Chumba kitaondoka labda. Mimi nina chumba, ukimwondoa paka.

Shangazi yako


Alhamisi, tarehe 21 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nilikudanganya mara mbili kwa kalamu uliyoninunulia mwenyewe.

Kifundo cha mkono wa kushoto kimeteguka na kiwiko kimechunika. Nilirushwa, nikaangukia marobota yaliyomwagika. Nyasi zile zile zilizoniziba macho kila siku ndizo zilizonidaka. Ninafua kwa mkono mmoja, basi.

Sikushuka hata siku moja. Nilikuandikia nimeshuka na kesho yake nikapanda. Nilijiambia wiki hii tu, mavuno yaishe. Kweli yenyewe ni kwamba kilomita nne zile zilikuwa zangu. Nyumbani kuna majirani, kuna kazi. Pale juu mimi naongea, yeye anaendesha, na bega lake liko chini ya kiganja changu.

Siku ile nilipunga kitambaa kuanzia kwenye nguzo ya simu hadi tulipoanza kukata. Nilimpigia kelele yule bwana. Nilimwona vizuri, Shangazi, nilimwona mpaka chungwa. Trekta lilipolala nilimkimbilia Kimya, nikamfunga kama ulivyonifundisha. Unajua aliniambia nini? Mtu asiyesema, akasema mfululizo: "Nenda. Hukuwepo. Watu wanakuja. Nenda nyumbani." Damu inamtoka, anafikiria chumba changu na rafu zangu. Nikaenda. Niliingia kwenye mahindi ya jirani. Nilibaki humo mpaka gari la wagonjwa lilipomchukua, lakini yeye hakuniona, yeye alilala pale akijua nimemwacha. Hilo sijamwambia mtu. Nikiwa na furaha yote niliyokuwa nayo, siku ya kwanza ya shida nilimwacha mume wangu barabarani.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilimsomea wodini. Akageukia ukutani.

"Tutafukuzwa," akasema.

"Tufukuzwe. Vyumba vya kupanga viko dunia nzima. Mguu kama huo uko mmoja."

"Iko miwili," akasema. Kimya wangu, Shangazi! Alifanya mzaha! Nikalia mpaka nesi akaja kuniuliza nani amekufa.

Jumanne nikaenda kwa Mama Shamba. Nilimkuta anapanga mbegu mezani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuinua macho.

"Ule ukuta umeusoma?"

"Nimeusoma, Mama."

"Niliupaka rangi mwaka aliokufa mfanyakazi wangu chini ya gurudumu. Alikuwa na mazoea kama yako, anakaa pale pale." Akakusanya mbegu kwa kiganja, akazirudisha kwenye kopo. "Lakini kila alasiri nilikuwa naona kitambaa chekundu kinapita juu ya ua wangu. Najiambia, kesho nitawakataza. Na aliyeamuru mzigo upandishwe vile, ili safari mbili ziwe moja, ni nani? Keti, mtoto. Unanitia kizunguzungu."

Akaandika marekebisho kwa mkono wake: kwamba mtu alibebwa, kwamba yeye alijua, na kwamba mzigo ulifunika indiketa kwa agizo lake. Akatia sahihi kabla yangu.

Jana mkaguzi akaja wodini, kijana wa shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Nikampa karatasi kabla hajafungua mkoba. Akasoma, akanitazama.

"Kwa nini nikuamini leo kuliko fomu ya juzi?"

Nikaanza kusema tu, unanijua. Nikafika kwenye chungwa. Akaacha kuandika. Akatoa picha za polisi, ndani ya ile pikapu. Kwenye sakafu kulikuwa na ganda la chungwa, refu, limezungushwa zima zima, halijakatika.

"Hili," akasema, "halikuandikwa popote. Hata mimi sikuwa nimelitilia maanani."

Tulipotoka mwenye pikapu alikuwa kwenye benchi la nje, kofia mkononi. Kumbe huja kila siku, anaogopa kuingia. Mkaguzi akamwuliza hapo hapo kama aliona kitambaa. Akasema, "Nilikiona. Nilikiona na mikono haikuwa na nafasi." Akaniambia bima aliiacha iishe kwa sababu alidhani atapata kazi ya kubeba mizigo kabla ya kupata ajali. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, Shangazi. Nikashindwa. Nikamwambia aingie amsalimie.

Majibu ndani ya wiki sita, wanasema. Daktari anasema wiki sita ni nyingi lakini si nyingi mno.

Mwanao aliyedanganya,
Redio


Jumamosi, tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Fua kwa mkono mmoja, na huo mwingine uupeleke kwa daktari, nimekutumia ada yake kwa kondakta.

Wakati wa kazi yangu nilijifunza kwamba mtu anayeficha kwa faida yake hukosea mambo madogo, na anayeficha kwa mapenzi hukosea makubwa. Wewe ulikosea yote. Ndiyo maana nilikugundua kabla chai haijapoa.

La kumwacha barabarani sina la kukwambia. Mwambie yeye.

Shangazi yako


Jumapili, tarehe 12 Juni

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo, na kaa chini kwanza, goti lisishtuke. WAMEKUBALI! Barua ilifika wiki ya tano. Inasema dai la dereva limekubaliwa kwa ushahidi wa aliyekuwepo, na la aliyebebwa limekataliwa. Nimelipenda hata hilo neno limekataliwa, maana limeandikwa kwamba nilikuwepo.

Amewekewa chuma Ijumaa iliyopita. Jana amesimama, magongo mawili, hatua tano. Nilihesabu kwa sauti na wodi nzima ikahesabu nami, na mwenye pikapu kule mlangoni akahesabu.

Mama Shamba hakutufukuza. Kimya atakaa karakana mpaka apone, na mzigo sasa hauzidi kimo cha kioo, safari mbili. Lakini ukuta haukufutwa. Umeongezwa mstari wa pili, na umeandikwa na mimi mwenyewe kwa adhabu, juu ya ngazi, mkono mmoja: WALA MKEWE.

Nilimwambia lile la mahindini. Akanyamaza, kama kawaida. Sijui alilipokeaje. Nimengoja siku tatu.

Jana akaniomba karatasi. Amesema ni yako wewe, nisisome, niiweke ndani ya bahasha. Nimeiweka. Sijasoma. Mkono unaniwasha.

Mwanao,
Redio


Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Mguu unaendelea.

Yeye anasema aliniacha. Amekuandikia hivyo. Si kweli.

Nilikuwa nimelala chini. Ukiwa chini unaona chini ya mahindi. Niliona miguu yake. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka. Alikuwa anasogea mbele, anarudi nyuma, anasogea mbele. Nilitaka kufumba macho nilale. Nikawa naitazama ile miguu mpaka walipokuja.

Kwenye fomu nilitia sahihi kwamba nilikuwa peke yangu. Ile fomu ya bima wamesharekebisha. Marekebisho yangu mimi nakuandikia wewe, kwa sababu yeye nikimwambia nitashindwa kumaliza. Msomee wewe. Karatasi haisahau.

Rafu ya tano nitaitengeneza nikitoka. Njoo.

Mkwe wako